Mwongozo kamili: kumlisha mgonjwa kwa mpira wa puani nyumbani bila chakula kumpalia

Mi ni nesi hapa Moshi, wodi yetu ina wazee wengi wa kiharusi, na kuna jambo linajirudia mpaka linaniuma. Mgonjwa anaruhusiwa akiwa na mpira wa puani, ndugu wameelekezwa wameitikia, wamekodi gari wameenda zao Rombo au Usa River, siku nne tano baadae anarudishwa anapumua kwa shida kifua kinakoroma, au mpira umeziba kabisa, au anaharisha mpaka kalegea. Ukiwauliza mlikuwa mnafanyaje wanasema kama mlivyotuonyesha nesi. Na kweli tuliwaonyesha, ila dakika tano wakati mtu anawaza bili na nauli atashika nini.

Kitu kimoja kwanza, hiki ukikielewa mengine yote yatakuja yenyewe. Mtu mzima akila, meno yanasaga, ulimi unajua hii ni ya moto hii imechacha, koo linafunga bomba la hewa kwanza ndo linaruhusu tonge liingie kwenye umio, yaani ile njia ya chakula yenye urefu wa kama sm 25 mpaka kwenye mfuko wa tumbo. Tena akishiba anakataa. Mpira unaruka hivyo vyote, unamwaga chakula moja kwa moja tumboni. Kwahiyo wewe unayeshika sirinji ndo umekuwa meno yake, ulimi wake na koo lake, na kushiba kwake pia unakujua wewe.

Kuuingiza mpira sio kazi ya nyumbani. Hapa naongelea kulisha tu, na ni kwa mgonjwa mtu mzima, mtoto ana vipimo vyake.

## Andaa hivi kabla hata hujawasha jiko

- Sirinji kubwa ya cc 50 au 60 (cc moja ni sawa na mililita moja), ile yenye mdomo mpana unaoingia kwenye mpira. Ukipata mbili ni vizuri zaidi, moja ya chakula moja ya dawa
- Karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa asidi (namba ikiwa ndogo asidi ni kali), ulizia maduka makubwa ya dawa au omba wodini kabla hujaondoka
- Maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, kwenye jagi lenye mfuniko
- Blenda, na chujio la chai lenye matundu madogo kabisa
- Kikombe chenye alama za mililita
- Mito mitatu minne, au kitanda cha kunyanyua kama mnacho
- Plasta ya kubandika puani na maka peni isiyofutika
- Mswaki laini
- Daftari. Usilidharau, nitakwambia kwanini

Na kabla ya kuondoka wodini mwombe nesi akuandikie vitu vitatu: mpira ni wa aina gani na uliwekwa tarehe ngapi, uko sentimita ngapi pale puani, na mgonjwa anatakiwa apewe kiasi gani kwa siku. Usione aibu, ni haki yako.

## Hatua ya 1: Chakula chenyewe

Hapa ndo wengi mnakosea mkiwa na nia nzuri kabisa. Uji mzito unaziba mpira, so mnauongeza maji mpaka unakuwa kama maji ya kuoshea sufuria, unapita vizuri ila hauna nguvu, mgonjwa anakonda huku mnasema mbona anakula mara sita.

Dawa ya hilo bibi zetu wanaijua, ni kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa, kile kile kinachoingia kwenye pombe ya mbege. Pika uji wa lishe mzito wa kawaida. Uepue, usubiri upoe mpaka kidole kinavumilia bila kuungua, kisha weka unga wa kimea kijiko kimoja cha chakula kwa kama nusu lita, koroga. Subiri dakika kumi. Utaona mwenyewe, uji uliokuwa umeshikilia mwiko unaanza kuteleza, unakuwa mwepesi kama maziwa, na hujaongeza tone la maji. Kimea kina kimeng'enya kinachokata wanga, kazi ile ile ambayo mate yangeifanya mdomoni. Ukiweka uji ukiwa wa moto sana kimeng'enya kinakufa na haulegei. Ukishalegea rudisha jikoni uchemke tena, maana unga wa kimea ni mbichi na una vijidudu.

Ongeza maziwa yaliyochemshwa, kijiko cha mafuta ya kula, siagi laini ya karanga au yai lililoiva likasagwa. Mtori pia unafaa sana, ndizi na nyama viive mpaka vivurugike, saga kwenye blenda na supu yake. Parachichi sawa, ila lisagwe haswa.

Chuja mara mbili. Kipande cha karanga cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kukurudisha hospitali.

Utajua uko sawa: ukiinua kijiko, uji unatiririka kama uzi bila kukatika na bila mabonge. Dondoshea kwenye mkono wako upande wa ndani, usikie vuguvugu. Moshi mwezi wa saba unapoa haraka, na uji wa baridi unaweza kumletea msokoto wa tumbo.

Angalizo: chakula kisikae mezani zaidi ya masaa mawili. Kwenye friji masaa 24 basi, na umeme ukikatika usiku kucha mwaga hata kama roho inauma. Ulimi wake haupo wa kukwambia kimechacha.

Angalizo kubwa zaidi: mgonjwa ambaye hajala au amekula kidogo sana kwa siku tano au zaidi asishindiliwe chakula. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya kwenye damu kama potasiamu na fosfeti yanashuka na moyo unaweza kushindwa. Huyo anaanzishwa kidogo kidogo hospitalini, na damu yake inapimwa.

## Hatua ya 2: Mkalishe

Nawa mikono kwa sabuni, alafu mnyanyue kuanzia kiunoni, sio kichwa tu. Mgongo uwe umeinuka nyuzi 30 mpaka 45, zaidi ya hapo kama anaweza. Mkiweka mto mmoja chini ya kichwa mnamkunja shingo tu, kifua kimelala vile vile.

Sababu yake iko hivi. Pale umio unapoungana na mfuko wa tumbo kuna msuli wa mviringo unaobana ili chakula kisipande. Mpira umepita katikati ya huo msuli, kwahiyo haubani sawasawa. Akilala chali uji unapanda kooni taratibu, na yeye hawezi kukohoa kwa nguvu kama wewe, unashukia kwenye mapafu. Ndo hicho kifua kinachokoroma.

Wale wanaosema "nilimlisha amelala maana alikuwa anapumzika", naomba sana, mwamsheni.

## Hatua ya 3: Hakikisha mpira uko tumboni. Kila mara. Kila mara

Hii hatua nitakaa nayo kidogo maana ndo inayoua watu.

Kwanza alama. Siku ya kwanza chora kwa maka peni pale mpira unapoingilia tundu la pua, andika na sentimita kwenye daftari, kwa mfano 55. Kabla ya kila mlo angalia. Kama alama imetoka nje, mpira umechomoka, usilishe.

Pili mwambie afungue mdomo, au mfungue taratibu kwa kijiko, umulike na tochi ya simu. Akikohoa sana au akitapika mpira unaweza kujikunja kooni huku alama ya puani haijasogea hata kidogo. Ukiona umejikunja kama kamba, usilishe.

Tatu, vuta kidogo kwa sirinji, taratibu, upate majimaji ya tumbo. Dondoshea kwenye karatasi ya pH, linganisha na rangi za kwenye pakiti. Tumbo lina asidi kali, kwahiyo ukipata 5 kushuka chini mpira uko mahali pake. Ikisoma 6 kwenda juu usilishe, yanaweza kuwa majimaji ya kwenye mapafu au ya utumbo. Pima angalau saa moja baada ya mlo uliopita, maana chakula kinapunguza ukali wa asidi. Na kama anatumia omeprazole, mwambie daktari kabla hamjaondoka, hiyo dawa inapunguza asidi kwahiyo namba inaweza kupanda hata kama mpira uko sawa, na inabidi mpangiwe njia yenu ya kuhakiki.

Majimaji hayatoki? Usikate tamaa wala usilishe kwa kubahatisha. Mlaze ubavu wa kushoto, sukuma hewa cc 10 mpaka 20 kuutoa mpira kwenye ukuta wa tumbo, msafishe kinywa wakati mnasubiri, baada ya dakika 15 mpaka 30 jaribu tena. Bado? Piga simu wodini au mpeleke.

Sasa kuna njia mbili za zamani ambazo bado watu wanafundishana, naomba mziache. Ya kusukuma hewa na kusikiliza tumboni kama linalia "bwuu", sauti hiyo hiyo inaweza kusikika hata mpira ukiwa kwenye pafu. Uingereza waliipiga marufuku toka 2005. Na ya kuchovya ncha kwenye glasi ya maji kuangalia mapovu, nayo inadanganya. Kipimo cha uhakika kuliko vyote ni eksrei, ndo maana mpira ukiwekwa upya na majimaji yanatia shaka tunampeleka akapigwe picha.

Dada mmoja, binti wa mzee wa kule Kibosho, alirudi kwetu analia. Alisema alama aliiona imetoka kama vidole viwili ila mzee alikuwa na njaa, akaurudisha ndani kwa mkono akalisha. Mzee tulikaa nae wiki mbili kwa nimonia. Alipona, ila yule dada usingizi hakuwa nao. Simlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia kwamba mpira ukitoka haurudishwi.

Ukivuta ukapata uji wa mlo uliopita zaidi ya kama cc 200, tumbo halijasukuma chakula kwenda utumbo mwembamba. Urudishe taratibu, una chumvi chumvi zake, subiri saa moja uangalie tena. Kama bado, na tumbo limejaa gumu, hospitali.

Utajua uko sawa: alama ipo pale pale, mpira haujajikunja mdomoni, pH 5 au chini, anapumua kawaida. Vyote vinne, sio vitatu.

## Hatua ya 4: Maji kwanza

Maji cc 30 yapite kabla ya chakula. Yakigoma usilazimishe, unaweza kuupasua mpira. Weka maji ya vuguvugu, vuta sukuma taratibu, uache dakika kadhaa, rudia. Soda msiweke jamani, nasikia watu wanaweka, ile asidi yake inagandisha maziwa ndani ya mpira mnazidi kuuziba. Waya wala stiki msiingize kamwe.

## Hatua ya 5: Lisha kwa mvuto, sio kwa nguvu

Chomoa kile kijiti cha kusukumia kwenye sirinji, kiweke pembeni. Ukunje mpira kwa vidole hewa isiingie, unganisha sirinji tupu, mimina uji, ndo uachie mkunjo. Inyanyue kama sentimita 30 juu ya tumbo lake. Uji utashuka wenyewe.

Ukitaka haraka inyanyue kidogo, ukitaka pole pole ishushe. Ongeza kabla haijaisha kabisa. Mililita 250 zichukue dakika 15 mpaka 20, hata 30. Najua una kazi nyingine na watoto wanasubiri chai, lakini fikiria wewe mwenyewe ukimiminiwa kikombe kizima tumboni ndani ya sekunde kumi. Tumbo linatanuka ghafla, linakirudisha juu au linakitupa chini haraka kwenye utumbo mwembamba, kabla nyongo na juisi za kongosho hazijafanya kazi yake, na hapo ndo inapoanzia kuharisha.

Mwangalie usoni muda wote, sio sirinji. Macho yakilegea, jasho, kikohozi, midomo inabadilika rangi, shusha sirinji chini ya usawa wa tumbo, kunja mpira, simamisha.

Ratiba inayokaa vizuri kwa watu wengi ni saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6 mchana, saa 9, saa 12 jioni na saa 3 usiku. Hesabu yake: mililita 250 mara sita ni 1500, ongeza maji 30 kabla na 30 baada kila mlo unapata 360, jumla 1860. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama 1800 kwa siku, mililita 30 kwa kila kilo, umeona inakaa. Mwenye shida ya moyo au figo fuata kiwango cha daktari wake, usifuate hiki.

## Hatua ya 6: Dawa

Dawa haichanganywi na uji, na dawa mbili hazisagwi pamoja. Kila moja isage iwe unga kabisa, iyeyushe kwa maji, ipitishe, suuza kwa maji cc 10 mpaka 15, ndo uje nyingine. Mwisho cc 30.

Kuna vidonge havisagwi. Vile vinavyotoa dawa pole pole siku nzima, kama nifedipine za kundi hilo, ukivisaga dozi nzima inaingia kwa mpigo na presha inaanguka. Vyenye ganda la kukinga asidi ya tumbo navyo ukisaga umeliharibu. Chukua dawa zote kwenye mfuko, nenda nazo kwa mfamasia, muulize moja moja hii inasagwa, hii je. Kama anatumia phenytoin ya degedege muulize pia muda wa kuitenganisha na chakula, maana chakula cha mpirani kinaipunguza nguvu.

Mwenye kisukari: usimchome insulini kabla hujahakikisha mpira uko mahali pake. Umeshachoma alafu mpira umegoma, sukari itashuka na huna pa kupitishia chakula.

## Hatua ya 7: Baada ya mlo

Maji cc 30, funga mpira, abaki ameinuka vile vile saa nzima. Kumgeuza, kumwogesha, kumbadilisha pampas, vifanye kabla ya mlo.

Kinywa sasa. Watu wanasema hali kwa mdomo meno ya kupigiwa mswaki ya nini. Mate yanakauka, ulimi unaota utando mweupe, vijidudu vinazaliana, alafu hayo mate machafu yanateleza kwenye mapafu. Nimonia nyingi za wagonjwa wetu zinaanzia hapo, mdomoni, sio kwenye uji. Msafishe asubuhi, jioni na katikati ya siku, mswaki laini, maji kidogo sana, amelala ubavu au ameinuka, midomo ipake mafuta.

Plasta ya pua badilisha ikilowa, usogeze kidogo mpira usiminye sehemu moja. Nimeona pua zenye kidonda cha kina kwa ajili ya plasta tu.

## Hatua ya 8: Soma choo na tumbo

Hapa daftari linafanya kazi. Andika saa, kiasi, pH, choo, kutapika. Nesi akiliona anajua tatizo limeanza lini, badala ya kukisia.

Anaharisha? Usikimbilie kusimamisha chakula. Angalia kasi kwanza, usafi wa blenda na sirinji (zioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila mlo), halafu dawa, maana antibayotiki na dawa za maji zenye utamu zinaharisha sana. Mpe ORS kupitia mpira. Zaidi ya mara tatu kwa siku na kalegea, mpeleke.

Hajapata choo siku tatu? Mara nyingi ni maji machache. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, ukimpa kidogo unakausha kinyesi mpaka kinakuwa kama mawe. Ongeza maji katikati ya milo, msogeze sogeze mwili.

Usisubiri asubuhi, nenda usiku huo huo ukiona: anapumua kwa haraka au kwa shida, homa baada ya kupaliwa, matapishi au majimaji ya mpirani yenye rangi kama kahawa iliyosagwa, choo cheusi kama lami, tumbo gumu limevimba hapitishi hata hewa, au mpira umetoka. Ukitoka, usimpe kitu mdomoni cha kumsukumia muda, hata maji ya kijiko.

## Tarehe ya kubadilisha

Ule mpira wa plastiki ya kawaida, ambao ndo wengi wanaondoka nao, asidi inaufanya mgumu, unabadilishwa siku ya 7 mpaka ya 10. Ile laini ya silikoni au poliyurethani inakaa wiki nne mpaka sita. Kama inaonekana atauhitaji zaidi ya hapo, muulizeni daktari kuhusu mpira wa kupitia tumboni moja kwa moja, haumkeri pua wala koo, na hata nguo inaufunika akikaa na wageni.

Mnaotoka mbali, Rombo, Monduli, Sanya Juu, pangeni gari siku mbili kabla ya tarehe. Na kabla hamjaondoka nyumbani mlisheni masaa mawili kabla ya safari, sio mlangoni, maana barabara ya vumbi na tumbo lililojaa haviendani. Bebeni sirinji, maji, na lile daftari.